Bega Lililoganda Halifunguliwi kwa Nguvu

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea, hebu weka gazeti hili mezani ufanye jaribio dogo. Inua mkono wako wa kulia hadi kisogoni kana kwamba unafunga kitambaa cha kichwa. Sasa ushushe, uupeleke nyuma ya mgongo kana kwamba unafunga kamba za aproni. Umeweza? Basi usilione jambo hilo kuwa dogo. Mama yangu mzazi alikaa zaidi ya mwaka mzima asiweze lolote kati ya hayo mawili, na sehemu ya lawama, nakiri leo mbele yako, ni yangu.

Mama anaishi Njoro, mwendo wa kilomita 20 hivi kutoka jijini Nakuru ninakofanya kazi, katika nyumba ya mbao aliyoijenga pamoja na marehemu baba. Ana shamba dogo la viazi na maharagwe, kuku kadhaa, na ng'ombe mmoja wa maziwa ambaye, tukisema ukweli, anampenda kuliko baadhi yetu wanawe.

Maumivu yalimwanza Aprili 2023, mvua ndefu zilipoanza kunyesha. Alikuwa na umri wa miaka 58. Hakuwa ameanguka, hakubeba mzigo wa ajabu, wala hakugongwa na chochote. Alisema tu kwamba bega la kulia linamuuma, hasa usiku, na kwamba akilalia upande ule ni kama mtu anamdunga kwa sindano ya kushonea magunia.

BARIDI YASINGIZIWA

Sisi watu wa nyanda za juu za Bonde la Ufa tuna mshtakiwa mmoja kwa kila maumivu, naye ni baridi. Goti likiuma, ni baridi ya Molo. Mgongo ukikaza, ni baridi ya Mau Narok. Mtu akiamka na shingo iliyopinda, ataambiwa alilala bila kufunga dirisha. Basi majirani wa Mama nao wakatoa hukumu ile ile. Akashauriwa kuvaa sweta mbili, kujipaka dawa ya kuchua na kukaa karibu na jiko.

Mimi nami nikaunga mkono. Nilimtumia chupa ya dawa ya kuchua kwa matatu, nikampigia simu jioni kumuuliza kama imefika, nikajiona nimetimiza wajibu wa mwana. Akaniambia, "Asante mwanangu, inawasha vizuri." Sikujua kwamba wakati huo alikuwa tayari ameacha kuchana nywele kwa mkono wa kulia, na kwamba alikuwa akivaa rinda kwa kulalia kitanda na kujivingirisha ndani yake polepole kama anayeingia kwenye gunia.

Nilipokwenda kumwona mwezi wa Juni ndipo nilipoyaona kwa macho yangu. Alikuwa akikamua ng'ombe kwa mkono mmoja, ndoo imebanwa katikati ya magoti, naye ng'ombe hakupendezwa. Nilishtuka. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, na mimi niliifuata methali hiyo kupita kiasi, kwani sikumuuliza Mama chochote. Nilichukua leso, nikaukunja mkono wake kifuani na kuufunga shingoni. Nikamwajiri kijana wa kukamua. Nikapiga marufuku jembe, mtungi wa maji, ufagio na hata mwiko wa ugali. Nilimwambia, "Mama, mkono huu ni wa kupumzishwa. Usiusogeze hata kidogo."

Kwa wiki sita mkono ule ulining'inia shingoni pake kama mtoto mchanga. Maumivu yalipungua mchana akikaa kimya, nami nikafurahi. Lakini tulipoifungua ile leso, mkono haukupanda tena hata kufikia usawa wa kifua. Zamani ulikuwa ukiuma kuuinua. Sasa haukuinuka kabisa.

Tukatoka kwenye kosa la kwanza, tukarukia la pili ambalo ni kinyume chake. Jamaa yetu mmoja alituelekeza kwa mkandaji aliyesifika kwa kurudisha viungo mahali pake. Aliushika mkono wa Mama, akaweka goti ubavuni mwake, akavuta. Mama, ambaye sikumwona akitoa sauti hata siku tulipomzika baba, alipiga ukemi uliowatoa watoto wa jirani mbio. Usiku ule hakulala. Kwa siku kumi zilizofuata hakuweza hata kushika kikombe.

MNUNUZI WA NG'OMBE

Hapo mimi nilifikia uamuzi wangu mkubwa. Nikaona kwamba mama mwenye mkono mmoja hawezi kuishi peke yake shambani. Nikamtayarishia chumba nyumbani kwangu Nakuru, nikamtafutia mnunuzi wa ng'ombe kutoka Elburgon, nikaagana naye bei kwa simu. Yote hayo bila kumwambia mwenyewe. Nilidhani ninampenda.

Jumamosi moja ya Septemba mnunuzi akafika na kamba yake. Mama alisimama kwenye lango la boma, mkono wa kulia umebanwa ubavuni, wa kushoto umeshika mti wa lango. Akamtazama yule mtu, akanitazama mimi.

"Mkono ulioganda ni wangu," alisema. "Ng'ombe naye ni wangu. Wewe umekuja kuviuza vyote viwili?"

Sikuwa na jibu. Mnunuzi naye alianza kuikunja kamba yake taratibu, kama mtu aliyekosea nyumba. Kisha Mama akasema neno lililonitia aibu zaidi, kwa kuwa lilikuwa la busara na mimi mwenye diploma sikulifikiria kwa miezi mitano. "Nipeleke kwa mtu anayeijua kazi hii. Akisema mkono umekufa, nitamuuza ng'ombe mwenyewe."

Jumatatu tukawa Nakuru hospitalini. Picha ya eksirei ilionyesha mifupa mizima, haikuvunjika wala haikuteguka. Daktari akatuelekeza kwa mtaalamu wa tiba ya viungo, msichana wa umri kama wangu aliyeongea kwa upole. Alimwambia Mama abane kiwiko ubavuni, akikunje, kisha apeleke kiganja upande wa nje kama anayefungua mlango. Kiganja hakikusogea zaidi ya upana wa vidole viwili. Halafu yeye mwenyewe akakishika, akajaribu kukisogeza taratibu. Kikakataa vile vile.

"Mama, mkono wako haujafa," alisema. "Umefungiwa ndani tu. Tutaufungulia, lakini si leo na si kwa nguvu."

BEGA HUGANDAJE?

Alivyotueleza, nami nikasoma zaidi baadaye, mambo ni haya. Bega ndicho kiungo chenye uhuru mkubwa kuliko vyote mwilini. Kichwa cha mfupa wa mkono ni mviringo kama mpira, nacho hukaa kwenye kikalio kisicho na kina, mfano wa mpira uliowekwa juu ya kisahani. Kuuzunguka mpira huo kuna kifuko laini chenye nafasi ya kutosha, ndiyo maana unaweza kujikuna mgongo au kuchuma parachichi juu ya mti. Bega linapoganda, kifuko hicho huvimba, kisha huwa kinene, kikanywea na kukaza. Fikiria sweta ya sufi iliyofuliwa kwa maji moto. Ni sweta ile ile, lakini haikutoshi tena.

Daktari mpasuaji wa Boston nchini Marekani, Ernest Codman, ndiye aliyeupa ugonjwa huu jina la bega lililoganda mwaka 1934. Kule Japani watu huuita bega la miaka hamsini, nao hawakukosea sana, kwa sababu wengi wanaoshikwa nao ni wa kati ya miaka 40 na 60, na wanawake ni wengi kuliko wanaume. Inakisiwa kwamba huwapata watu kati ya 2 na 5 katika kila mia.

Kwa kawaida hupita vipindi vitatu. Cha kwanza ni cha maumivu, ambapo bega huuma zaidi usiku na huanza kukaza. Hiki huweza kuchukua wiki sita hadi miezi tisa. Cha pili ni cha kuganda, maumivu hupungua lakini mkono hauendi popote, na huchukua miezi minne hadi sita au zaidi. Cha tatu ni cha kuyeyuka, mkono unaporudi kidogo kidogo, nacho huweza kuchukua miezi sita hadi miaka miwili. Kwa hivyo anayekuahidi kulifungua bega hili kwa siku moja, iwe ni kwa kulivuta au kwa dawa ya chupa, muage kwa heshima uende zako.

Na baridi je? La hasha. Baridi inaweza kumfanya mtu ajikunyate na ahisi maumivu zaidi, lakini haigandishi kifuko cha bega. Mshtakiwa wetu wa miaka yote ameachiliwa huru.

Mshtakiwa halisi, kwa upande wa Mama, alifichuka baada ya maswali mengine. Mtaalamu alimuuliza kama anasikia kiu sana, kama anaamka usiku kwenda msalani, kama amepungua uzito. Mama akaitikia yote matatu, akaongeza kwamba alidhani ni uzee. Wakampima damu asubuhi kabla hajala kitu. Kipimo kikaonyesha 11.2. Kuanzia 7.0 huhesabiwa kuwa ni kisukari. Wakarudia siku nyingine, matokeo yakawa yale yale.

Ndugu msomaji, hapa naomba usome polepole. Kati ya watu mia wenye kisukari, inakadiriwa kwamba 10 hadi 20 hupatwa na bega la aina hii. Wenye matatizo ya tezi ya shingo nao wamo hatarini zaidi, kadhalika waliowahi kufungwa mkono kwa muda mrefu baada ya kuvunjika, kupasuliwa au kupatwa na kiharusi. Bega la Mama lilikuwa likibisha hodi kwa niaba ya ugonjwa mwingine, nasi tulikuwa tukilipaka dawa ya kuchua.

MAZOEZI YENYEWE

Alipoanza dawa za kisukari na kubadilisha chakula, Mama alipewa pia dawa ya kutuliza maumivu na mazoezi ya kufanya nyumbani. Nayaeleza hapa jinsi tulivyofundishwa. Lakini mwone kwanza mtaalamu akuhakikishie kwamba bega lako ni la aina hii, kwa maana si kila bega linalouma limeganda. Kuna mishipa iliyochanika na kuna baridi yabisi, na kila moja ina njia yake.

Kabla ya mazoezi, bega hupashwa moto kwa dakika kumi kwa taulo iliyochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa. Mama alitumia maji yaliyobaki kwenye birika la chai.

Zoezi la kwanza ni la kuning'iniza mkono, nalo hadi leo hujulikana kwa jina la yule Codman. Simama kando ya meza, iegemee kwa mkono mzima, inama kidogo, uache mkono mgonjwa uning'inie kama kamba ya ndoo kisimani. Usiubebe kwa misuli ya bega. Tikisa mwili wako taratibu ili mkono uyumbe mbele na nyuma, kisha kushoto na kulia, halafu uzunguke duara la ukubwa wa sahani. Mara kumi kila upande. Hili ndilo linalofaa hata siku za maumivu makali.

La pili ni la vidole kupanda ukuta. Simama ukitazama ukuta, weka vidole usawa wa kiuno, uvitembeze juu kama buibui hadi mkono ukatae. Subiri hapo kwa pumzi tano, kisha ushuke vile vile kwa kutembeza vidole, usiuangushe mkono ghafla. Usipandishe bega hadi sikioni ukidhani umefika juu.

La tatu ni la fimbo. Lala chali au keti, bana viwiko vyote viwili ubavuni, shika fimbo kwa mikono miwili. Mkono mzima uisukume fimbo taratibu ili kiganja cha mkono mgonjwa kielekee nje, kama kufungua mlango. Mama alitumia mpini wa jembe, lile jembe nililompiga marufuku.

La nne ni la kulala chali. Mkono mzima ushike kifundo cha mkono mgonjwa, uuinue polepole kuelekea kichwani hadi uhisi kuvutika, kisha uurudishe.

La tano ni la kuvuka kifua. Mkono mzima ushike kiwiko cha mkono mgonjwa na kukivuta kwa upole kuelekea bega la pili, ukae hapo sekunde 15 hadi 20.

La sita ni la leso, nalo hungojea mpaka maumivu yamepungua sana. Shika leso nyuma ya mgongo, mkono mzima ukiwa juu begani na mkono mgonjwa chini kiunoni. Vuta juu kidogo kwa mkono mzima. Nilicheka peke yangu nilipoliona zoezi hilo. Leso niliyomfungia Mama ndiyo ileile iliyokuja kumfungua.

Ni mara ngapi? Mara kumi kila zoezi, mara mbili au tatu kwa siku. Sheria yake ni moja. Kuvutika ni sawa, maumivu kidogo ni sawa, lakini maumivu makali si sawa. Yule mtaalamu alitupa kipimo rahisi: ikiwa sifuri ni kutoumwa kabisa na kumi ni kama siku ya mkandaji, basi usipite tatu au nne. Na ikiwa bega limekuamsha usiku kwa sababu ya mazoezi ya jioni, ulizidisha, punguza kesho. Usiache. Punguza.

Utafiti mmoja wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2004 unaunga mkono maneno hayo. Wagonjwa 77 walifuatiliwa kwa miaka miwili. Kundi moja lilinyooshwa kwa nguvu hadi kupita kiwango cha maumivu. Kundi la pili liliruhusiwa kusogeza mkono kwa upole tu, ndani ya mipaka ya maumivu, na kuendelea na kazi ambazo mkono unaziweza. Katika kundi la upole, asilimia 89 walifikia hali nzuri. Katika kundi la nguvu, waliofikia hapo ni asilimia 63.

Wapo wanaohitaji msaada zaidi. Sindano ya steroidi ndani ya kiungo hutuliza maumivu, hasa mwanzoni, lakini kwa mwenye kisukari huweza kupandisha sukari kwa siku kadhaa, kwa hivyo lazima daktari ajue. Hospitali nyingine hulegeza bega mgonjwa akiwa amelazwa usingizi kwa dawa, au hukata kifuko kilichokaza kwa upasuaji wa matundu madogo. Nchini Uingereza utafiti wa wagonjwa 503 katika hospitali 35, uliotolewa mwaka 2020, ulilinganisha njia hizo mbili na mazoezi yanayoanza kwa sindano. Baada ya mwaka mmoja makundi yote yalikuwa na nafuu kubwa, wala hakuna njia iliyoziacha nyingine mbali. Matatizo makubwa yalikuwa machache, na mengi yake yaliwapata waliopasuliwa. Usinielewe vibaya, upasuaji una mahali pake. Lakini anayeanza na ukuta wa jikoni hajaanza mahali pabaya.

MISTARI YA CHAKI

Kujua mazoezi ni jambo moja, kuyafanya kila siku kwa mwaka mzima ni jambo lingine. Wiki za mwanzo Mama aliyafanya kwa sababu ya hasira zake kwangu. Hasira zikaisha, na mazoezi nayo yakaanza kufifia. Kila nikimpigia simu alikuwa "ameyafanya asubuhi," kwa ile sauti ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nikiitumia zamani nikiulizwa kazi ya shule.

Aliyetuokoa ni mwanangu, aliyekuwa na umri wa miaka tisa. Alikwenda kukaa na nyanya yake likizo ya Novemba na Desemba 2023. Kuta za jikoni ya Mama ni za mbao, nyeusi kwa moshi wa miaka mingi. Mtoto alichukua kipande cha chaki, akamsimamisha nyanya yake ukutani, na vidole vilipogota akachora mstari, akaandika tarehe kando yake. Mstari wa kwanza ulikuwa chini ya kidevu cha Mama. Juu kabisa, mahali anapotundika chujio la maziwa, kuna msumari. "Nyanya," akamwambia, "tunaenda pale."

Kuanzia siku hiyo kila Jumapili baada ya kanisa kulikuwa na mtihani. Wiki nyingine mstari mpya ulipanda upana wa kidole. Wiki nyingine haukupanda, na mwalimu akaandika "kesho" badala ya tarehe. Kuna wiki moja ya Januari ambapo ulishuka, kwa sababu Mama alibeba debe la viazi kwa jeuri. Mtoto alikuwa amerudi shuleni, lakini Mama alijichorea mwenyewe, chini ya mstari wa zamani, bila kudanganya. Alisema ukuta si kama mimi kwenye simu, hauwezi kuambiwa uongo.

Nami nilijifunza kazi yangu mpya, iliyokuwa ngumu kuliko kufunga leso. Nilipokwenda Njoro sikumnyang'anya tena ufagio. Nilimuuliza, "Mama, leo mkono unaweza nini?" Akinijibu kwamba unaweza kuchambua maharagwe, tulichambua pamoja. Akisema unaweza kuanika nguo kwenye kamba ya chini, nilishusha kamba. Usiku alilala chali, mto mdogo chini ya kiwiko, mwingine ameukumbatia. Nusu ya nafuu yake, anasema, ilianzia kwenye usingizi.

Mwishoni mwa Aprili 2024 alimshika ng'ombe chuchu kwa mikono miwili. Mwezi wa Agosti alinipigia simu asubuhi mapema hata nikaogopa. Hakuwa na shida yoyote. Alitaka tu kunijulisha kwamba amefunga kitambaa mwenyewe, fundo nyuma, kama zamani. Na Jumapili ya Pasaka, tarehe 20 Aprili 2025, miaka miwili tangu bega lilipoanza kuuma, niliketi nyuma yake kanisani. Wimbo ulipochanganya, nikaiona mikono yake yote miwili ikipanda. Wa kulia ulichelewa kidogo nyuma ya mwenzake. Lakini ulifika.

Sitakuficha kwamba haujarudi kamili. Nyuma ya mgongo unafika kiunoni tu, na rinda lenye zipu ya nyuma bado anaomba msaada. Sukari yake inapimwa, dawa anakunywa, na mazoezi anayaendeleza kwa sababu, asemavyo, bega la pili nalo linasikiliza. Si mzaha, kwani aliyeganda bega moja, hasa mwenye kisukari, huweza kupatwa na la pili miaka ya baadaye.

USINGOJE HAYA

Ndugu msomaji, kabla hatujaagana, yapo mambo ambayo hayangoji ukuta wala chaki. Maumivu ya bega au mkono, hasa wa kushoto, yanayokuja pamoja na kubanwa kifua, jasho jembamba au kukosa pumzi, yanaweza kuwa ya moyo. Kimbia hospitali saa hiyo hiyo. Bega lililovimba, likawa na joto jingi pamoja na homa, bega lililoshindwa ghafla baada ya kuanguka, na mkono uliokufa ganzi au kupoteza nguvu, yote hayo ni ya kupelekwa kwa daktari bila kuchelewa.

Lakini kama ni mzazi wako, dada yako au mkeo ambaye siku hizi anachana nywele kwa mkono mmoja na kukwambia ni baridi, usimfunge leso, wala usimpeleke kuvutwa. Mpeleke akapimwe bega, na akiwa hapo apimwe na sukari. Kisha simama naye ukutani. Haba na haba hujaza kibaba, na upana wa kidole kwa wiki hufikisha mkono kwenye msumari.

Mistari ile ya chaki bado ipo jikoni. Mama amekataa ifutwe. Ng'ombe naye yupo, amezaa ndama jike, na mwanangu ndiye aliyempa jina. Anaitwa Msumari.